Leo Baekeland: Mtoto wa fundi viatu aliyeipa zana ya umeme ganda lake

DRILI, grainda na randa za umeme zilizokwisha kutumika ni biashara inayolisha familia nyingi mijini na kwenye magulio. Mnunuzi anapoishika mashine ya aina hiyo, mara nyingi jicho lake haliendi kwanza kwenye mota wala swichi, bali kwenye ganda. Likiwa limepauka kwa jua na kutoa unga mweupe kama chaki, bei hushuka hapo hapo, hata kama mota bado ni nzima.

Mwanzo wa ganda hilo ni maabara ya nyumbani kwa mkemia mmoja, Leo Hendrik Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani. Mwaka 1907 mtu huyo alitengeneza plastiki ya kwanza duniani iliyotokana kabisa na kemikali za kiwandani. Aliipa jina la Bakelite, akilitoa kwenye jina lake mwenyewe.

Kabla yake ilikuwepo seluloidi, lakini hiyo ilitokana na nyuzi za pamba na ilikuwa ikishika moto kwa urahisi. Bakelite haikuyeyuka kwa joto, haikupitisha umeme, na iliweza kufinyangwa katika umbo lolote. Kwa sababu hizo ilipata soko wakati umeme ulipokuwa unaanza kusambaa.

Maisha ya Baekeland yana mafunzo kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo. Yanaonyesha jinsi wazo linavyogeuzwa kuwa mali, na jinsi bidhaa ya kiwandani inavyoweza kuchukua soko la zao la asili. Aidha, anayeelewa alichokivumbua mtu huyo atajua namna ya kulirudishia sura ganda lililopauka, na wakati gani asijisumbue nalo kabisa.

Alikotoka

Baekeland alizaliwa Novemba 14, 1863 katika mji wa Gent, Ubelgiji. Baba yake alikuwa fundi viatu na mama yake alikuwa mtumishi wa ndani kwenye nyumba za watu. Kwa hesabu za baba, kijana akifikisha miaka 13 alitakiwa akae kwenye kibanda cha viatu ajifunze kazi, ili naye aanze kuingiza kipato.

Mama hakukubaliana na hesabu hiyo. Aliona kuwa mtoto ana akili ya masomo, akashikilia abaki shuleni. Kijana naye hakumwangusha. Alifanya vizuri kiasi cha kupewa ufadhili na mji wa Gent, akaingia chuo kikuu cha hapo mwaka 1880 akiwa bado hajatimiza miaka 17. Mwaka 1884, akiwa na miaka 20 tu, alipata shahada ya udaktari katika kemia kwa kiwango cha juu kabisa.

Tangu ujanani alivutiwa na upigaji picha, kazi ambayo enzi hizo ilihitaji kemikali nyingi na ghali. Inasimuliwa kuwa aliitia mnyororo wake wa saa, uliokuwa wa fedha, kwenye tindikali ili apate madini ya kutengenezea dawa ya picha.

Baada ya kufundisha kwa muda mjini Brugge, alirudi Gent kufundisha chuo kikuu. Mwaka 1889 alimwoa Céline Swarts, binti wa profesa wake. Mwaka huo huo alisafiri na mkewe hadi New York kwa ufadhili wa masomo. Huko alikutana na profesa Charles Chandler wa Chuo cha Columbia, aliyemshauri abaki Marekani. Akapata kazi katika kampuni ya vifaa vya picha, na hakurudi tena Gent kufundisha.

Kazi nyingi, mkono mtupu

Mwaka 1891 Baekeland aliacha ajira akajitegemea kama mshauri wa mambo ya kemia. Hapo ndipo alipokutana na tatizo linalowakuta wajasiriamali wengi hadi leo. Alianzisha kazi nyingi kwa wakati mmoja, kila moja ikimla muda na fedha, na hakuna hata moja iliyofika sokoni.

Kisha akaugua sana. Akiwa kitandani, fedha imekwisha na madeni yanamsubiri, alipata nafasi ya kupima mwenendo wake. Aliamua kuachana na mengine yote na kushika jambo moja tu ambalo lingeweza kuleta fedha mapema iwezekanavyo.

Jambo hilo lilikuwa karatasi ya kusafishia picha. Wakati huo wapiga picha wengi walitegemea mwanga wa jua kuchapisha picha zao. Siku ya mawingu ilikuwa siku ya hasara. Baekeland alitengeneza karatasi iliyoweza kutumika kwa mwanga wa taa, usiku au mchana, mvua au kiangazi. Aliiita Velox.

Mwaka 1893 aliungana na mwenye mtaji, Leonard Jacobi, wakaanzisha kampuni ya Nepera huko Yonkers, kaskazini kidogo ya jiji la New York. Mwanzo ulikuwa mgumu. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka mwaka huo, na wapiga picha wazoefu hawakutaka kubadili mazoea wala kufuata maelekezo mapya. Waliopokea bidhaa hiyo kwa haraka walikuwa wapiga picha wa kujifunza, watu wasio na mazoea ya kuacha. Kupitia kwao soko likafunguka.

Mwaka 1899 George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, aliinunua kampuni hiyo. Taarifa nyingi hutaja bei ya dola 750,000, fedha nyingi mno kwa wakati huo. Inasimuliwa pia kuwa Baekeland alikuwa amejiandaa kuridhika na kiasi kidogo zaidi ya hicho mara nyingi, na kilichomsaidia ni kwamba mnunuzi ndiye aliyeanza kutaja bei.

Mauzo hayo yalikuwa na sharti. Baekeland alizuiwa kufanya utafiti wa picha kwa miaka isiyopungua 20. Akiwa na miaka 35, alikuwa tajiri asiyeruhusiwa kufanya kazi aliyoijua kuliko zote.

Zao la wadudu na njaa ya umeme

Alinunua nyumba kubwa Yonkers, kando ya mto Hudson, akageuza jengo moja la uani kuwa maabara. Kabla ya kuanza kazi mpya alikwenda Ujerumani mwaka 1900 kuongeza elimu, kwa kuwa aliona ujuzi wake wa kemia ya umeme umepitwa na wakati. Aliporudi alishiriki kuendeleza mtambo wa kutenganisha chumvi kwa umeme, kazi iliyozaa kiwanda kikubwa karibu na maporomoko ya Niagara.

Wakati huo huo alikuwa akitazama soko. Umeme ulikuwa unaenea kwa kasi, na kila waya, swichi na mota ilihitaji kitu cha kuzuia umeme usipite pasipotakiwa. Kizuizi kilichotumika sana kilikuwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti huko India na nchi za jirani. Wanavijiji ndio waliokusanya matawi hayo, wakakwangua utomvu, ukasafishwa na kupelekwa Ulaya na Marekani.

Mwanauchumi yeyote anaweza kuona hatari iliyokuwa inanyemelea zao hilo. Mahitaji yalipanda haraka, lakini mdudu haongezi kasi kwa sababu kiwanda kinasubiri. Bei ikapanda. Na kila bei ya zao la asili inapopanda kupita kiasi, kuna mtu mahali fulani anayeanza kutafuta mbadala wake. Mara hii mtu huyo alikuwa Baekeland.

Mtungi wa chuma

Mwaka 1872 mkemia wa Ujerumani, Adolf von Baeyer, alikuwa amechanganya fenoli, inayopatikana kwenye lami ya makaa ya mawe, na fomaldehaidi, ile ile inayofanya fomalini. Alichopata kilikuwa kitu kigumu kilichogandamana na chombo na kukataa kutoka. Wakemia wengi waliojaribu baada yake waliona ni uchafu wa kutupwa. Baekeland aliona kuwa kitu kisichoyeyuka wala kutoka kwenye chombo ndicho hasa ambacho viwanda vya umeme vinakihitaji.

Yeye na msaidizi wake, Nathaniel Thurlow, walianza kwa kutafuta kitu kama shelaki. Walipata utomvu waliouita Novolak, lakini sokoni haukufanya vizuri. Badala ya kuacha, Baekeland alibadili swali. Hakutaka tena kuiga shelaki, bali kutengeneza kitu kipya kigumu kuliko shelaki.

Tatizo kubwa lilikuwa mapovu. Mchanganyiko ukipata joto hutoa mvuke, na kitu kinatoka kimejaa matundu kama mkate. Wengine walijaribu kulipunguza joto ili kazi iende taratibu. Baekeland alifanya kinyume. Alitengeneza mtungi mzito wa chuma, akaongeza joto hadi nyuzi 150 hivi, huku shinikizo ndani ya mtungi likizuia mapovu yasiumuke. Kilichotoka kilikuwa kigumu, kilichojaa vizuri, na kisichoyeyuka tena.

Aliomba hataza ya njia hiyo Julai 1907. Februari 1909 aliwatangazia wanakemia wa Marekani waliokutana New York, na Desemba 1909 akapewa hataza. Muda ulikuwa mfupi kuliko alivyojua. Huko Uingereza mhandisi James Swinburne alikuwa akifanya kazi kama hiyo hiyo, na alipokwenda kuomba hataza aligundua kuwa Baekeland amemtangulia kwa siku moja. Siku hiyo moja ndiyo iliyoamua nani awe mwenye mali. Baadaye wawili hao walishirikiana badala ya kupigana.

Kuuza unga, si bidhaa

Baekeland hakutaka kuwa mwenye kiwanda. Alitaka kuuza kibali cha kutumia njia yake na kupokea ada. Hata hivyo, waliochukua kibali walishindwa kuipata kazi sawasawa, kwa kuwa kemia hiyo ilihitaji uangalifu ambao karakana za kawaida hazikuwa nao. Kutokana na hali hiyo, mwaka 1910 alianzisha kampuni yake, General Bakelite, na uzalishaji ukahama kutoka uani kwake kwenda kiwandani Perth Amboy, New Jersey.

Mpango wa biashara ulikuwa wa akili. Kampuni haikushindana na wateja wake kwa kutengeneza simu au swichi. Iliuza malighafi, hasa unga uliochanganywa na unga wa mbao, na kuwafundisha wateja namna ya kuufinyanga kwa joto na shinikizo. Unga wa mbao ulipunguza gharama na kukifanya kitu kisivunjike kirahisi. Ni mchanganyiko huo huo unaoeleza kwa nini Bakelite ya zamani hupauka, kama itakavyoonekana mbele.

Soko lilikuja kwa kasi. Vifaa vya kuwashia injini za magari, vishikio vya sufuria, simu, redio, hata mipira ya mchezo wa biliadi vilianza kutengenezwa kwa Bakelite. Washindani nao walijitokeza, na Baekeland akawafikisha mahakamani. Alipowashinda hakuwafukuza sokoni. Mwaka 1922 kampuni mbili kati ya hizo, Redmanol na Condensite, ziliunganishwa na yake ikawa Bakelite Corporation. Mwaka 1924 picha yake ilitokea kwenye jalada la gazeti la Time.

Somo kwa mvumbuzi mdogo ni kwamba karatasi ya hataza peke yake haijazi tumbo. Inatakiwa iwahi, na mwenye nayo awe na nguvu ya kuitetea. Tanzania Bara kazi ya kusajili hataza iko kwa BRELA, na anayesubiri hadi jirani aige mashine yake ya kupukuchua mahindi ndipo akumbuke kusajili, huwa amechelewa.

Kwenye mashine za mkono

Drili za kwanza za umeme za kushika mkononi zilikuwa na ganda la chuma au aluminiamu. Kampuni ya Fein ya Ujerumani ilitengeneza yake mwaka 1895, na Black & Decker ya Marekani ilipata hataza ya drili yenye mpini wa bastola na kifyatulio mwaka 1917. Ubaya wa ganda la chuma ni kwamba waya ukichubuka ndani, ganda zima linapata umeme, na mtumiaji ndiye anayeupokea.

Bakelite iliingia kwanza kwenye swichi, vishikio vya brashi za kaboni na mipini. Baadaye magamba mazima yakatengenezwa kwa plastiki, na baada ya Bakelite zikaja plastiki nyingine zinazostahimili kuanguka, hasa nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, na ABS. Ukoo wa Bakelite bado haujatoka ndani ya mashine. Hata leo kolekta ya mota, ile sehemu ya shaba inayoguswa na brashi, kwa kawaida hushikiliwa pamoja na plastiki ya jamii hiyo, kwa sababu inavumilia joto.

Mashine nyingi za siku hizi zina waya wa nyuzi mbili tu bila ardhi, na alama ya mraba ndani ya mraba. Alama hiyo ina maana kwamba kinga ya mtumiaji iko kwenye plastiki. Ganda likipasuka, kinga imepungua. Hilo si suala la sura tena, ni suala la uhai.

Jua linafanya nini

Mwanga wa jua una miale isiyoonekana kwa macho ambayo hukata minyororo midogo inayoishikilia plastiki. Hewa ya oksijeni huingia kwenye sehemu zilizokatika na kuendeleza uharibifu. Uso unakuwa mkavu, unapasuka nyufa ndogo sana, na mwanga unaopiga juu yake hutawanyika. Ndiyo maana rangi ya kijani au ya chungwa huonekana nyeupe.

Kwenye Bakelite, ngozi ya juu ya utomvu huliwa kwanza, kisha unga wa mbao uliofichwa chini yake hubaki wazi. Ganda jeusi lililong'aa linakuwa la kahawia au kijivu, na hunyonya maji na jasho.

Plastiki nyeusi huvumilia zaidi, kwa kuwa masizi yaliyochanganywa ndani yake huzuia miale isiingie ndani. Hiyo ndiyo sababu moja ya matangi mengi ya maji na mabomba ya kumwagilia kuwa meusi. Mkulima anayeacha bomba la rangi nyepesi juani mwaka mzima anafahamu linavyoishia.

Kurudisha sura

Kabla ya kazi yoyote chomoa plagi. Fungua skrubu, piga picha ya nyaya zilivyokaa, kisha tenganisha ganda na mota. Usioshe ganda likiwa na mota ndani.

Hatua ya pili ni kujua aina ya plastiki. Bakelite ni nzito kuliko plastiki za sasa, haipindi, na kwa kawaida ni nyeusi au kahawia. Ukisugua kwa dole gumba hadi ipate joto, hutoa harufu kama ya dawa ya kusafishia vyoo hospitalini. Nailoni na ABS ni nyepesi na hupinda kidogo. Usipime kwa kuchoma moto.

Osha kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida na mswaki laini. Bakelite isilowekwe, maana unga wa mbao ulio wazi utavimba; ifutwe na kukaushwa mara moja. Petroli na thina zisitumike kwenye ganda lolote. ABS hulainika na kupasuka ikiguswa nazo.

Kwa Bakelite, tumia dawa ya kung'arishia shaba, kama Brasso, kwa kitambaa laini na kidogo kidogo. Kitambaa kitapata rangi ya kahawia, na hilo ni la kawaida. Kisha paka dawa ya viatu ya rangi inayofanana na ganda, iache dakika chache, halafu sugua kwa kitambaa kikavu. Dawa hiyo ina nta, nayo huziba vitundu ambavyo jua limefungua.

Bakelite isipigwe msasa mkavu. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, na baadhi ya vifaa vya zamani vilichanganywa na asbesto badala ya unga wa mbao.

Kwa magamba ya nailoni au ABS ya rangi, ile chaki ya juu inaondolewa kwa msasa laini uliolowa maji, namba 800, kisha 1200, kisha 2000. Baada ya hapo ng'arisha kwa dawa ya kung'arishia rangi ya gari. Mafuta ya dashibodi huleta mng'ao wa muda mfupi tu, tena yasipakwe kwenye mpini wala kifyatulio, kwa sababu mashine inayoteleza mkononi ni hatari.

Wapo mafundi wanaotumia hewa ya moto. Njia hiyo inaweza kurudisha weusi kwenye plastiki laini za magari, lakini ganda la mashine likijipinda kidogo tu, nusu mbili hazikutani tena na beringi zinakaa vibaya. Faida yake ni ndogo kuliko hasara.

Sehemu nyeupe au kijivu za ABS zilizogeuka njano zinaweza kupakwa krimu ya haidrojeni peroksaidi inayotumika saluni, zikafunikwa kwa nailoni angavu na kuwekwa kwenye mwanga kwa saa kadhaa. Vaa glavu na miwani. Njano inaweza kurudi baadaye, na plastiki iliyokuwa imedhoofika haipati nguvu mpya. Sehemu za rangi zisipakwe, maana hupata mabaka.

Hesabu kabla ya kazi

Anayefanya biashara hii apige hesabu nne: bei ya mashine kabla ya kusafishwa, gharama ya dawa na msasa, muda wa fundi, na bei itakayopatikana baada ya kazi. Tofauti ikiwa ndogo kuliko thamani ya muda, ni afadhali mashine ioshwe kwa sabuni iuzwe ilivyo. Kupima mota, kubadili brashi na waya kwa kawaida kutangulie, kwa sababu ganda linalong'aa juu ya mota mbovu humrudisha mteja na ugomvi.

Ganda lenye ufa lisizibwe kwa dawa ya viatu wala rangi. Mashine hiyo itafutiwe ganda jingine au iuzwe kama vipuri, na mnunuzi aelezwe. Anayeficha ufa anauza hatari ya kupigwa na umeme.

Kinga ni nafuu kuliko tiba. Mashine za kuuza zikae kivulini, au zifunikwe kwa kitambaa kizito wakati wa jua kali, na zile za mbele zibadilishane nafasi na za nyuma.

Mwisho wake na deni lake

Hataza za msingi za Baekeland ziliisha muda mwishoni mwa miaka ya 1920. Washindani wakaingia, wengine na plastiki za rangi za kupendeza ambazo Bakelite, kwa weusi na ukahawia wake, haikuweza kuziiga. Mwaka 1939 aliiuza kampuni yake kwa Union Carbide akastaafu. Miaka yake ya mwisho aliishi kwa upweke na mazoea ya ajabu, ikiwemo kula chakula cha makopo akiwa tajiri mkubwa. Alifariki Februari 23, 1944 huko Beacon, jimbo la New York, akiwa na miaka 80. Alikuwa amejikusanyia hataza zaidi ya 100.

Alichokianzisha hakikuishia kwenye swichi. Plastiki zilizofuata zilichukua nafasi ya mazao mengi ya shambani na msituni. Tanzania inalijua hilo kupitia mkonge. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia karibu tani 230,000; mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa karibu tani 20,000. Utaifishaji na usimamizi wa mashamba vilichangia, lakini kamba za plastiki zilizokuwa rahisi zilikuwa sababu kubwa.

Mkulima anayelima zao la kiwandani hana budi kujiuliza swali ambalo wakusanyaji wa shelaki hawakupata nafasi ya kujiuliza: zao likipanda bei sana au likikosekana, mnunuzi anaweza kutumia nini badala yake? Asiyekuwa na jibu asiweke shamba lote kwenye zao moja.

Kwa upande wa plastiki yenyewe, Bakelite haiwezi kuyeyushwa ikafinyangwa upya kama ndoo au chupa. Ikivunjika imekwisha. Ndiyo maana ganda zima, hata lililopauka, linastahili kitambaa, dawa ya viatu na nusu saa ya kazi kabla ya kutupwa.